Mapitio ya UPR mjini Geneva: tathmini ya huduma inayoziweka ahadi za taifa katika maandishi

Serikali yoyote ikiulizwa kama inaheshimu haki za binadamu nchini mwake itajibu kwamba inaziheshimu, na ikiulizwa kama inazitetea katika nchi nyingine itajibu vivyo hivyo, kwa maneno mazuri na pengine kwa nia njema. Anayetaka kujua ukweli wa jibu hilo, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria, mtetezi wa haki au mwananchi wa kawaida, anahitaji mahali ambapo ahadi hizo zimeandikwa, zimewekewa tarehe, na zinaweza kusomwa sambamba na malalamiko ya watu wanaoishi chini ya serikali hiyo. Mahali hapo papo. Ni Mapitio ya Mara kwa Mara ya Haki za Binadamu, yanayojulikana zaidi kwa herufi UPR, ambayo huendeshwa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva.

Nayatathmini hapa kama huduma, kwa kuwa ndivyo nilivyoyatumia kwa miaka kadhaa. Hati zake ziko wazi bila malipo, vikao vyake hurushwa moja kwa moja na kuhifadhiwa katika televisheni ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa, na msomaji haulizwi yeye ni nani wala anazitakia nini hati hizo. Hukumu yangu naitanguliza: ni huduma yenye thamani kubwa kwa anayejua kuisoma, na thamani hiyo imo katika majedwali yake ya mapendekezo kuliko katika hotuba zake. Inazo kasoro, na mojawapo inatugusa sisi wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Baraza la Haki za Binadamu liliundwa kwa azimio namba 60/251 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, tarehe 15 Machi 2006, likachukua nafasi ya Kamisheni ya Haki za Binadamu iliyokuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1946. Kamisheni ilikuwa imepoteza heshima kwa sababu nchi za kujadiliwa zilichaguliwa moja moja, hivyo mwenye marafiki wengi aliweza kukwepa na asiye nao akabanwa. UPR ilibuniwa kuondoa upendeleo huo kwa njia iliyo rahisi kueleweka: nchi zote wanachama, ambazo ni 193, hupita mbele ya wenzao kwa zamu, kwa muda ulio sawa na kwa vigezo vilivyo sawa. Kipindi cha kwanza kilifunguliwa Aprili 2008 kwa zamu ya Bahrain, na katika kipindi hicho hicho Finland, India, Uingereza, Afrika Kusini, Brazil na Morocco nazo zikaketi kwenye kiti kile kile. Visiwa vidogo vya Pasifiki hupewa saa tatu na nusu, na nchi yenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama hupewa saa tatu na nusu. Kwa taasisi iliyojengwa juu ya tofauti za nguvu, hilo si jambo dogo, na ndilo lililonivuta tangu mwanzo. Zamu ya kila nchi hurudi baada ya takriban miaka minne na nusu. Mzunguko wa nne ulianza Novemba 2022.

Vigezo vyenyewe navyo vina busara. Nchi hupimwa kwa Mkataba ulioanzisha Umoja wa Mataifa, kwa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kwa mikataba ambayo nchi yenyewe imeiridhia, na kwa ahadi za hiari ilizozitoa yenyewe, zikiwemo zile ilizoziandika ilipoomba kura za kuingia katika Baraza. Kwa hiyo mjumbe wa serikali anayelalamika kwamba nchi yake inahukumiwa kwa kanuni za wageni huwa na kazi ngumu, kwa maana sehemu kubwa ya kinachosomwa mbele yake ni saini ya serikali yake mwenyewe.

Kabla ya kikao hutolewa hati tatu, na hapa ndipo mtumiaji mpya anapopaswa kuanzia. Ya kwanza ni ripoti ya taifa, iliyoandikwa na serikali, ambayo hairuhusiwi kuzidi kurasa 20. Ya pili hutayarishwa na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu na kukusanya yale yaliyosemwa kuhusu nchi hiyo na kamati za mikataba (za wataalamu wanaosimamia utekelezaji wa kila mkataba), wataalamu huru na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Ya tatu ni muhtasari wa taarifa za wadau: asasi za kiraia, tume za taifa za haki za binadamu, vyama vya wanasheria, vyuo vikuu na wengineo. Nashauri zisomwe kinyumenyume. Anayeanza na ripoti ya serikali huingia katika mjadala akiwa tayari amepewa msamiati wa serikali: sheria zilizotungwa, kamati zilizoundwa, semina zilizoendeshwa kwa polisi. Anayeanza na muhtasari wa wadau huijia ripoti ile ile akiwa na maswali, na mara nyingi hugundua kwamba jambo lililotajwa na asasi nyingi kwa pamoja, tuseme mahabusu wanaokaa rumande kwa miaka bila kesi zao kusikilizwa, halina hata aya moja katika ripoti ya taifa. Ukimya huo ni taarifa. Nimejifunza kuuandika pembeni kwa kalamu kama ninavyoandika takwimu.

Jambo jema katika hati ya tatu ni kwamba asasi inayotaka kupeleka taarifa haihitaji kuwa na hadhi ya ushauri, yaani utambuzi rasmi, katika Umoja wa Mataifa. Taarifa ya asasi moja haipaswi kuzidi maneno 2,815, na ya muungano wa asasi maneno 5,630, kiasi ambacho hata kikundi kidogo kisichokuwa na ofisi kinaweza kukiandika kikiwa na ushahidi mzuri. Hata hivyo, taarifa hizo zote hubanwa katika muhtasari wa kurasa kumi hivi, na jambo lililochukua miezi kukusanywa huweza kubaki sentensi moja yenye alama ya rejea. Kwa sababu hiyo napendekeza kufungua taarifa zenyewe, ambazo nazo huwekwa wazi, badala ya kuridhika na muhtasari.

Sasa niende ukumbini. Vikao vya kikundi kazi, yaani chombo cha Baraza kinachoendesha mapitio, hufanyika katika Palais des Nations, makao ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva, na mtazamaji wa video atauona mara nyingi ukumbi namba 20, ambao dari lake lilipambwa na msanii wa Hispania Miquel Barceló kwa maelfu ya vichirizi vya rangi vinavyoning'inia kama mawe ya pangoni. Chini ya dari hilo hukaa ujumbe wa serikali inayopitiwa, aghalabu ukiongozwa na waziri wa sheria au wa mambo ya nje, na mbele yake wawakilishi wa nchi nyingine. Serikali inayopitiwa ina dakika 70 kwa jumla, za kufungua, kujibu na kufunga. Nchi nyingine zote zina dakika 140 za kugawana. Msemaji akiwa mmoja kati ya 120, idadi ambayo si ya ajabu, sehemu yake ni sekunde 70.

Sekunde 70 ni chache mno, na mtu huzielewa vizuri anapozihesabu akiwa anatazama. Mjumbe hufungua kwa kumshukuru mwenyekiti, kisha hukaribisha ujumbe wa nchi husika, kisha hupongeza hatua mbili au tatu zilizochukuliwa tangu zamu iliyopita, na anapofikia kusema kwamba nchi yake inapendekeza yafuatayo, zaidi ya nusu ya muda wake imekwisha. Mapendekezo husomwa mbio mbio, namba kwa namba, na wakalimani huhema nyuma yao. Kisha hufuata nchi nyingine, na nyingine, kwa mpangilio wa alfabeti unaoanzia herufi iliyopatikana kwa kura. Anayetarajia mjadala, yaani swali lililoulizwa na kujibiwa na kuulizwa tena, hataupata hapa. Kwa upande wa kikao chenyewe natoa alama za wastani: ni muhimu kikafanyika hadharani, na ni muhimu waziri akasikia kwa masikio yake nchi kumi zikimtajia gereza lile lile au sheria ile ile, lakini mtumiaji mwenye saa chache asizitumie zote kwenye video. Aende kwenye jedwali.

Jedwali la mapendekezo ndilo kiini cha huduma nzima. Ripoti ya kikundi kazi huorodhesha kila pendekezo pamoja na jina la nchi iliyolitoa katika mabano, na kabla au wakati wa kikao cha Baraza kinachopitisha matokeo, serikali iliyopitiwa hutakiwa kueleza msimamo wake kwa kila moja. Kanuni hazina neno la kukataa. Pendekezo huungwa mkono au huzingatiwa, basi. Msomaji asiyejua mazoea ya Geneva huweza kudhani kwamba pendekezo lililozingatiwa limetiwa maanani na linafanyiwa kazi, kumbe katika lugha ya pale maana yake ni kwamba serikali imelisikia na haikujifunga nalo. Tafsiri hiyo moja tu, mtu akiwa nayo kichwani, hubadilisha usomaji wake wote. Taarifa ya serikali kwa vyombo vya habari inayojivunia kuunga mkono mapendekezo mengi mno huonekana vingine kabisa pale msomaji anapofungua safu ya yaliyozingatiwa na kukuta humo adhabu ya kifo, uhuru wa vyombo vya habari na uchunguzi huru wa vifo vilivyotokea mikononi mwa polisi.

Lakini hata safu ya yaliyoungwa mkono inahitaji jicho kali, na siri yake imo katika kitenzi. Pendekezo linalosema "kuridhia mkataba" na lile linalosema "kuzingatia uwezekano wa kuridhia mkataba" yanatofautiana kama mkopo uliolipwa na mkopo unaofikiriwa kulipwa. Serikali huunga mkono la pili bila wasiwasi, kwa sababu haiwezi kushindwa: kuzingatia uwezekano hakuna tarehe ya mwisho. Vivyo hivyo "kuendelea na juhudi za kuimarisha", kauli ambayo nchi rafiki huipenda mno, kwa kuwa humpa rafiki yao pendekezo la kuunga mkono lisilomgharimu lolote. Marekani ilitia saini Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995 na mpaka leo haijauridhia, ikiwa nchi pekee mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyo katika hali hiyo. Mfano huo unatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya kuonyesha nia na kujifunga.

Katika kazi hii ya kupima vitenzi nimesaidiwa sana na hazina ya takwimu ya asasi ya UPR Info, yenye makao yake Geneva, ambayo hupanga mapendekezo kwa ngazi tano kulingana na uzito wa hatua inayotakiwa, kuanzia yale yasiyodai karibu chochote hadi yale yanayodai hatua mahususi. Nayo Ofisi ya Kamishna Mkuu ina hazina yake inayoruhusu kutafuta kwa nchi, kwa mada au kwa kundi la watu wanaohusika, na ndani yake mapendekezo ya UPR yamewekwa pamoja na ya kamati za mikataba na ya wataalamu huru. Anayefuatilia jambo moja, kwa mfano haki za watu wenye ulemavu, atapata kwa utafutaji mmoja mambo ambayo zamani yangemchukua wiki nzima ya kupekua nyaraka.

Hapa nafika kwenye matumizi ambayo kwangu ndiyo yanayoipa huduma hii ubora usio na mfano, na ambayo naona hayatumiwi vya kutosha. Jina lile lililo katika mabano mwishoni mwa kila pendekezo lina maana kubwa. Linaniwezesha kugeuza swali, kwamba baada ya kuona nchi fulani imeambiwa nini, nitafute pia nchi hiyo imewaambia wengine nini. Huchukua karatasi na kuigawa safu mbili. Upande wa kushoto naandika mapendekezo ambayo taifa limeyatoa kwa wengine katika mzunguko mmoja, na upande wa kulia naandika mapendekezo ya mada hiyo hiyo ambayo taifa lenyewe lilipewa, pamoja na jibu lake. Kujitolea kwa taifa kukuza haki za binadamu ndani na nje ya mipaka yake huonekana katika mstari unaopita katikati ya safu hizo mbili. Nchi inayowahimiza wengine waruhusu wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuzuru magereza yao, na yenyewe imewapa mwaliko wa kudumu, inasema kitu kimoja pande zote. Nchi inayowahimiza wengine wafute kifungu cha sheria ambacho kwake bado kinawafunga watu inasema vitu viwili, na jedwali humkamata bila mtu yeyote kulazimika kupandisha sauti.

Kuna jambo la tatu linalojitokeza katika karatasi hiyo, nalo hunihuzunisha zaidi kuliko unafiki wa wazi. Ni jinsi sauti inavyobadilika kulingana na nani anaambiwa. Taifa lile lile hutumia kitenzi kikali kwa hasimu wake na kitenzi laini kwa mshirika wake wa biashara au wa ulinzi, kuhusu kosa la aina ile ile. Mwandishi wa pendekezo pengine anaona ametimiza wajibu wake, kwa kuwa mada imetajwa. Lakini mtu aliye kizuizini katika nchi ya yule mshirika amepata neno lisilo na uzito, na amelipata kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na mateso yake.

Ni lazima niseme pia kwamba UPR haioni kila kitu ambacho taifa hufanya nje ya mipaka yake. Imepangwa kumtazama mwenye nyumba akiwa nyumbani kwake. Silaha anazouza, mateso ambayo maofisa wake wanashiriki katika nchi ya tatu, kampuni zake zinazohamisha vijiji ili kuchimba madini, yote hayo huweza kutajwa, lakini hutajwa kwa uchache. Kwa upande huo mtumiaji anapaswa kuongeza vyanzo vingine. Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014, unamlazimu muuzaji kupima hatari ya silaha zake kutumika katika ukiukaji mkubwa kabla ya kuruhusu zisafirishwe. Kamati ya Haki za Binadamu, ambayo ni chombo cha wataalamu 18 kinachosimamia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, iliamua mwaka 1981 shauri la López Burgos, raia wa Uruguay aliyetekwa mjini Buenos Aires mwaka 1976 na maofisa wa usalama wa nchi yake kisha akarudishwa kwao kwa siri. Kamati ilikataa hoja kwamba Uruguay haiwezi kuwajibika kwa kilichotendeka katika ardhi ya Argentina. Dola haiwezi kufanya katika ardhi ya mwingine jambo ambalo limekatazwa kulifanya katika ardhi yake. Uamuzi huo una zaidi ya miaka 40, na bado ndio ninaouonyesha kwanza kwa yeyote anayeniambia kwamba haki za binadamu huishia mpakani.

Na upo mfano wa heshima. Novemba 2019 Gambia ilikuwa Geneva kwenye zamu yake ya UPR, na mwezi huo huo, tarehe 11, ikafungua shauri dhidi ya Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, kwa kuegemea Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari, ili kuwatetea Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini Myanmar, watu wasiokuwa raia wa Gambia wala majirani zake. Waziri wake wa sheria wakati huo, Abubacarr Tambadou, aliwahi kufanya kazi katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mwaka ule ule, nyumbani, Tume ya Ukweli, Maridhiano na Fidia ilikuwa ikisikiliza hadharani ushahidi wa waliopoteza ndugu na walioteswa katika utawala wa miaka 22 wa Yahya Jammeh. Sisemi kwamba Gambia ilikuwa imemaliza kazi yake ya nyumbani. Jedwali lake la mapendekezo linaonyesha mengi yaliyobaki. Nasema kwamba safu zake mbili zilikuwa zikijazwa kwa wakati mmoja na kwa mkono mmoja. Tarehe 23 Januari 2020 Mahakama iliiamuru Myanmar ichukue hatua za kuwalinda Warohingya waliobaki, kwa maombi ya mojawapo ya nchi ndogo kabisa za Afrika bara.

Nirudi kwenye kasoro, ambazo sitazipunguza kwa kuwa naipenda huduma hii. Hakuna nguvu ya kulazimisha utekelezaji. Ripoti ya katikati ya mzunguko, inayoeleza yaliyofanyika tangu zamu iliyopita, ni ya hiari, na serikali nyingi haziiandiki. Muda kati ya zamu na zamu ni mrefu kuliko kipindi cha mawaziri wengi, hivyo anayeahidi huwa si yule atakayeulizwa. Ushiriki nao, uliokuwa fahari kuu ya UPR, umeanza kutikiswa. Januari 2013 Israel haikufika kwenye zamu yake, ikafika Oktoba mwaka huo baada ya mazungumzo. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kwamba haitashiriki mapitio yake yaliyopangwa Novemba. Huduma inayosimama juu ya kanuni kwamba kila mmoja hukaa kwenye kiti haiwezi kuvumilia viti vitupu vingi kabla ya wengine kuanza kujiuliza kwa nini wao wanakaa.

Baraza lenyewe linahitaji neno. Lina wajumbe 47, wanaochaguliwa na Baraza Kuu kwa kura ya siri kwa kipindi cha miaka mitatu, na kila mgombea hutazamiwa kuandika ahadi zake za hiari. Hati hizo ni fupi na zinastahili kusomwa, hasa na raia wa nchi iliyoziandika. Tatizo ni kwamba makundi ya kikanda mara nyingi huteua wagombea sawa na idadi ya nafasi, hivyo uchaguzi hukosa ushindani na ahadi hukosa wa kuzipima. Kumsimamisha mjumbe kunawezekana: uanachama wa Libya ulisimamishwa Machi 2011, na wa Urusi tarehe 7 Aprili 2022 kwa kura 93 dhidi ya 24, nchi 58 zikijizuia kupiga kura. Ni mara mbili tu.

Watu huniuliza kama kamati za mikataba hazifai zaidi. Kwa kina cha uchambuzi, zinafaa zaidi: waulizaji ni wataalamu, wanauliza na kurudia, na baadhi ya kamati hizo hupokea malalamiko ya mtu binafsi aliyekwisha kumaliza njia za sheria za nchini mwake, jambo ambalo UPR haiwezi kabisa. Aliyedhulumiwa anayetafuta nafuu yake mwenyewe asipoteze muda kwenye UPR. Lakini kamati huishika nchi kwa mkataba mmoja mmoja, na kwa ile tu iliyoridhiwa, ilhali UPR huitazama nchi nzima, mpaka yale ambayo haijayaridhia.

Kasoro ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii kwa lugha hii. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu limetafsiriwa katika lugha zaidi ya 500, na Kiswahili ni mojawapo. Ibara yake ya kwanza, "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa", inaeleweka na mtoto wa shule. Lakini hati za UPR hutolewa katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, yaani Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na vikao hukalimaniwa kwa lugha hizo hizo. UNESCO imeipa lugha yetu siku yake ya kimataifa, tarehe 7 Julai. Ahadi, basi, tumeletewa kwa Kiswahili, na hesabu ya ahadi hiyo imeachwa katika lugha nyingine. Mamilioni ya watu ambao serikali zao zimekaa kwenye kiti kile mara tatu au nne hawajawahi kusoma kilichoahidiwa kwa niaba yao, na hakuna kanuni inayoizuia serikali, tume ya taifa au chama cha wanasheria kutafsiri jedwali moja na kulibandika mahali watu wanapopita.

Anayetaka kuanza, achague nchi moja na mada moja, wala asiende zaidi ya hapo kwa mara ya kwanza. Afungue ripoti ya kikundi kazi ya mzunguko wa mwisho, ateremke hadi orodha ya mapendekezo, kisha afungue nyongeza yenye majibu ya serikali, kwa sababu majibu mengi yamo humo na wasomaji wengi hawaifikii. Aweke alama kwenye vitenzi. Mimi huwatafsiria wasomaji wenzangu safu ya yaliyozingatiwa kabla ya nyingine yoyote, na ukurasa mmoja wa jedwali, kwa mtu anayefanya kazi hiyo baada ya shughuli za mchana, humalizika kwa jioni moja.